TAHADHARI: Anayeuza "ramani asili ya Mombasa ya 1572" ni tapeli

Ndugu zangu, kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiuza "ramani asili ya Mombasa ya mwaka 1572" kwa shilingi laki mbili na nusu, nusu ya hela itangulie. Msitume. Bibi mmoja wa Muscat, mwenye asili ya huku kwetu, alishanunua, akaniletea niitie fremu. Nimeikagua kabla sijaigusa kwa gundi. Ni karatasi iliyotoka kwenye printa.

Ramani yenyewe ipo kweli, na hapo ndipo watu wanaponasa. Imo katika juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha miji ya dunia kilichotoka Köln, Ujerumani, mwaka 1572. Mhariri wake ni kasisi Georg Braun, na mchongaji mkuu wa mabamba ya shaba ni Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen, yule yule aliyemchongea mtengeneza ramani Abraham Ortelius ramani za atlasi yake ya 1570. Kwetu sisi watu wa pwani, hizi ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za miji yetu kupigwa chapa. Inauma kuona mtu anazifanyia mchezo.

Sasa tazameni alichouza. Karatasi kubwa, ya kujaza ukuta, yenye Mombasa peke yake. Kitabuni Mombasa haina ukurasa wake! Miji minne imo kwenye karatasi moja: Aden imetanda juu, na chini yake wamebanana Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala. Picha yote ya miji minne ina takriban sentimita 33 kwa 47. Wapo waliowahi kukata karatasi halali vipande vipande ili wauze mji mmoja mmoja, lakini kipande cha Mombasa hubaki kidogo vile vile.

Nilipoweka lenzi ya kukuza nikaona vidoti: samawati, waridi, njano. Chapa ya bamba la shaba haina vidoti. Ina mistari ya wino mweusi tu, na rangi ilipakwa juu yake kwa brashi. Bamba likikandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu huacha alama ya kudidimia kuzunguka picha, ambayo kidole kinaihisi. Hapa hakuna. Ukiinua karatasi ya zama zile kwenye mwanga, utaona mistari myembamba ya waya za chekeche iliyotengenezewa. Hii haikuonyesha kitu, na ukahawia wake ulikuwa sawasawa kona hadi kona, ukinuka majani ya chai. Nyuma tupu kabisa, ilhali karatasi za kitabu cha Braun zina maelezo nyuma, kwa Kilatini, Kijerumani au Kifaransa kutegemea toleo.

Halafu kuna "cheti" chenye muhuri mwekundu, kinachosema Hogenberg aliichora alipofika Mombasa na jeshi la Mreno Francisco de Almeida mwaka 1505. Almeida kweli aliishambulia Kilwa na Mombasa mwaka huo. Hogenberg alizaliwa kama miaka 30 baadaye, akafia Köln mwaka 1590.

Akikufuata, mwombe picha ya nyuma, picha ya karatasi ikiwa imeinuliwa dirishani, na picha ya ukingo kwa karibu sana. Bibi huyu alipomwomba picha ya nyuma baada ya kulipa, tapeli alimzuia namba papo hapo. Kwa aliyekwishatuma hela, usifute mazungumzo wala ujumbe wa malipo. Peleka vyote polisi, na uiarifu kampuni ya simu mapema.

Ndugu wa Tanzania, nanyi kaeni macho: tangu juzi ameanza kutangaza "Quiloa asili", kwa cheti kile kile.