Canon EF 100mm f/2.8 Macro USM: Haina kituliza mtikisiko, na kwa wadudu inatosha

Lenzi hii ya kupigia vitu vidogo kwa karibu ilitoka mwaka 2000. Mwaka 2009 Canon wakaleta ndugu yake wa daraja la L, lile la juu la Canon, mwenye mtambo wa kutuliza mtikisiko. Mpiga picha wa Mombasa anayetafuta lenzi ya mtumba basi hujiuliza: niongeze pesa nipate kituliza, au nichukue hii ya zamani? Kwa anayepiga wadudu kwa mkono, jibu letu ni hii ya zamani, mradi pesa inayobaki iende kwenye flashi.

Lenzi hufikia ukubwa wa 1:1, yaani taswira ya mdudu ndani ya kamera inalingana na mdudu mwenyewe, akiwa sentimita 31 kutoka kwenye sensa (sehemu ya kamera inayonasa picha), yaani kama 15 tu kutoka mdomo wa lenzi. Hapo, kwa f/11 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua), sehemu inayotoka wazi ina unene wa kama milimita moja. Mtu aliyesimama huyumba mbele na nyuma zaidi ya hapo bila kujijua, na kituliza cha lenzi hakirekebishi kuyumba huko. Wala hakizuii jani la mlimau kucheza na upepo wa kusi. Canon wenyewe walikadiria kituliza cha L kuwa stopu nne kwa picha za kawaida (kila stopu huruhusu muda wa kupiga mara mbili zaidi), lakini mbili tu kwa 1:1.

Kinachogandisha picha ni flashi. Ikiwa kwenye nguvu ndogo, 1/16 au 1/32, huwaka na kuzima kwa muda mfupi mno kuliko shata, pazia la kamera. Anza na M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata 1/200 ya sekunde, f/11, ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwenye jua la saa sita pale Nyali, shusha ISO hadi 100 au umkinge mdudu kwa kivuli chako. La sivyo jua litaandika picha ya pili iliyotikisika juu ya ile ya flashi, na kingo za mbawa zitaonekana mara mbili. Usikimbilie f/16: kwa 1:1 hufanya kazi kama f/32, na picha nzima hupoteza ukali. Mwanga nao uulainishe. Kipande cha plastiki nyeupe ya kopo la aiskrimu, kikiinama juu ya mdomo wa lenzi, chatosha kabisa. Bila hicho mgongo wa mbawakawa hurudisha doa jeupe.

Chukua mfano wa majimoto, aina ya chungu, akiwa kwenye jani la mwembe. Zima fokasi ya otomatiki, zungusha pete hadi 1:1 na usiiguse tena. Viwiko vibane mbavuni. Mkono wa kushoto ushike kikonyo cha jani huku lenzi ikiegemea kifundo cha mkono huohuo, ili jani na kamera viyumbe pamoja. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kisha sogea mbele polepole kwa kiwiliwili ukitoa pumzi, na ubonyeze kitufe pale jicho la chungu huyo linapoanza kuwa wazi, si baada ya hapo, maana kidole huchelewa. Piga fremu tatu au nne kila unaposogea, ukiipa flashi nafasi ya kujaa. Nyingi zitatupwa, ndivyo kazi hii ilivyo hata kwa lenzi za bei kubwa.

Umbo lake linapendeza: gramu 600, na hairefuki unapofokasi, kwa hiyo haimgongi mdudu. Swichi ya kuwekea mipaka fokasi ndiyo dhaifu. Ina nafasi mbili tu, masafa yote au kuanzia sentimita 48; hakuna ya karibu pekee, na otomatiki huenda na kurudi bila kushika kitu. Kinga ya kuzuia jua kwenye mdomo wa lenzi iliuzwa kando.

Anayepiga bila flashi, kama pete na hina za bibi harusi ukumbini usiku, atafute ya L. Vitu hivyo havitembei, na ukubwa unaohitajika ni mdogo kuliko 1:1, kwa hiyo kituliza kitamfaa kweli.

Ukinunua ya mtumba hapa Pwani, mulika tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi ukitazama kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama za utando ni kuvu, na kwa unyevu wetu itaenea; iache. Iliyo safi ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi kama dakika 20 kabla ya kuifungua, kioo kisishike mvuke.