Duka la sola la Kibuye: walihesabu kwanza, ndipo wakauza

Majirani wanaopita kwetu, huku njia ya Miwani, huuliza sola ile tuliinunua wapi, basi naandika hapa mara moja. Ni duka dogo upande wa soko la Kibuye, mjini Kisumu. Nawapendekeza kwa moyo mweupe, ingawa kuna jambo moja ambalo lazima walirekebishe.

Aliyetufanya tutafute sola ni mamamkwe. Ana pumu, na miwa inapochomwa kabla ya kukatwa, moshi humbana kifua usiku kucha. Mashine yake ya kuvuta dawa kama mvuke inahitaji umeme, na huku stima hupotea radi zikianza tu. Madukani kwingine nilionyeshwa paneli na kutajiwa bei kabla sijaketi. Hapa muuzaji alivuta karatasi akaniuliza, "Mama, stima ikipotea saa mbili usiku, ni nini lazima kiendelee kuwaka mpaka asubuhi?"

Tukaandika pamoja: friji, bulbu nane za wati 7, runinga, intaneti ya watoto, simu, na ile mashine ya nyanya yao. Akanihesabia kwa uniti, zile zile tunazonunua kwa tokeni. Zilifika karibu uniti mbili kwa siku, na zaidi ya nusu yake ni matumizi ya usiku. Hapo nikaelewa kwa nini betri ndiyo inayokula pesa. Tulichukua paneli mbili za wati 400, betri ya lithiamu ya volti 24 yenye ampea-saa 100, ambayo ikijaa inabeba uniti mbili na nusu hivi, pamoja na inveta ya kilowati 3, yaani mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani. Niliuliza inveta kubwa hivyo ya nini. Akasema friji inapoanza kuunguruma huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapoendelea, na inveta ndogo huzima papo hapo. Betri ya asidi ingekuwa ya bei nafuu, lakini ukiifyonza kupita nusu kila usiku inakufa mapema. Jumla, pamoja na ufundi, ilikuwa Sh185,000. Zilitoka kwa chama na malipo ya miwa, kwa hiyo kila shilingi niliifuatilia.

Fundi alikuja kupima nyumba kabla hatujalipa chochote. Nilimwomba leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, maana sheria inataka fundi wa sola awe nayo, akaitoa bila kununa. Kwenye paa alikataa upande wa mwembe, ingawa ndio ulikuwa karibu na mahali pa kuweka betri. Alisema kivuli kikiangukia kipande tu cha paneli, paneli nzima hulegea. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo angeweza kuzilaza kabisa. Akaziinamisha kidogo ili mvua izioshe na maji yasituame. Betri aliiweka sebuleni, mbali na joto la mabati. Kisha akachimbia chuma cha ethi, cha kupeleka umeme ardhini, na kufunga kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi. Kwa ukanda huu wetu wa ziwa, ambako radi ni za kutisha, fundi anayeruka hatua hiyo usimlipe.

Sasa tumepita msimu mzima wa mvua ndefu nayo. Asubuhi huku kwa kawaida huwa na jua, mawingu hujikusanya alasiri, kwa hiyo kazi nzito kama kupiga pasi na kupandisha maji kwenye tangi tunazimaliza kabla ya saa sita, ili betri ijae mapema. Siku za wingu mfululizo inveta huvuta stima ya Kenya Power yenyewe, na mimi hupendelea hivyo kuliko kukata laini kabisa. Masizi ya miwa ndiyo adui mkubwa. Yakitanda juu ya kioo, unaona kwenye skrini ya inveta wati zikishuka. Tunayaosha alfajiri kwa maji na kitambaa laini. Usimwagie maji baridi kioo kilichochomwa na jua la mchana.

Mamamkwe sasa analala. Anaponiita usiku kwamba kifua kimebana, mashine inawaka hapo hapo, hata kijiji kizima kikiwa giza. Kwangu hilo linatosha kuwapa sifa.

Lawama yangu ni huduma baada ya kulipa. Swichi ya usalama ya upande wa paneli ilipoanza kujikata, nilipiga simu siku kadhaa bila kupokewa, na muuzaji yule yule aliyekuwa mpole dukani akanielekeza kwa fundi, fundi akanirudisha kwake. Mwishowe walikuja, wakakuta waya umelegea, wakakaza bila malipo. Lakini mtu mwenye mgonjwa ndani hawezi kungojeshwa hivyo. Risiti yao pia haikuwa na namba za kutambulisha betri na inveta mpaka nilipodai ziandikwe, na bila hizo waranti ni maneno tu.

Ukitaka kupikia koili au kuoga kwa shawa ya umeme, mfumo wa ukubwa huu hautakufaa, na wao wenyewe watakuambia. Ukienda, beba karatasi ya vifaa vyako vyote na saa unazovitumia, na uombe aje fundi mwenye leseni mwenyewe, maana wana vijana wanaojifunza ambao hutumwa kazi zikizidi.