Multimita ya shilingi 18,000 na kompyuta iliyogoma kuwaka: uzoefu wangu

Nina duka la steshenari Tandika. Kompyuta yangu ni ya kuungwa, lile boksi ambalo wateja wote wanaliita CPU, na ina miaka minne chini ya meza. Jumatatu moja ya wiki ya mitihani nikabonyeza kitufe, kimya. Feni haikuzunguka, taa ya mbele haikuwaka, hata ule mlio mfupi wa kuamka sikuusikia. Mbele yangu amesimama mwalimu na flashi yake, anataka nakala 90 kabla ya saa nne. Nikamwelekeza kwa jirani huku roho inaniuma.

Nikamwita fundi. Akachomeka, akabonyeza mara tatu, akatega sikio, akatikisa kichwa. Hakufungua hata skrubu moja. "Dada, mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekwenda hiyo. Ninayo ya mkononi, nitakufungia kwa laki na sitini." Na elfu kumi ya kuangalia. Ile elfu kumi nililipa, laki na sitini nikasema nitamtafuta.

Jioni nikampigia mdogo wangu anayesoma umeme chuo cha ufundi VETA Dodoma. Swali lake la kwanza: "Dada, alipima na nini?" Nikamwambia hakupima. Akacheka, akaniambia nisitoe hela yoyote, kesho nipite Kariakoo ninunue multimita, yaani kifaa cha kupima umeme, ile ya njano ndogo ya DT-830. Nikaipata kwa 18,000 baada ya kuvutana kidogo, muuzaji alianzia 25,000. Ndani ya boksi kuna kifaa chenyewe, waya mbili, nyekundu na nyeusi, na betri ya volti 9.

Kabla ya kupima chochote, mdogo wangu alinipitisha kwanza kwenye mambo ya kijinga, na msiyadharau. Soketi: nikachomeka chaja ya simu, inachaji. Waya wa umeme: ule wa monita ni sawasawa na wa CPU, nikabadilisha, bado. Fyuzi ya plagi nzima. Swichi ya nyuma ya pawasaplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwenye kompyuta, iko upande wa mstari, siyo wa duara. Kile kiswichi chekundu cha kuchagua volti kinasoma 230, kama inavyotakiwa hapa kwetu (ukikisogeza kwenye 115 halafu ukachomeka, utasikia mlipuko na utanunua pawasaplai nyingine). Nikachomoa kila kitu, nikashikilia kitufe sekunde thelathini ili umeme uliobaki uishe, nikarudishia. Kimya.

Ndipo tukafungua kava, simu nimeiegemeza kwenye rimu ya karatasi ili aone kwa video.

Hapa ndipo multimita ilipojilipa. Kwenye mazabodi kuna plagi kubwa yenye matundu 24, waya zake zina rangi. Waya wa zambarau hubeba volti 5 muda wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa. Ukikosa hizo, pawasaplai imekufa au umeme haufiki. Nikageuza kirungu cha multimita hadi 20 upande wa DCV (umeme wa DC, kama wa betri), ncha nyeusi nikaigusisha bati la kesi, nyekundu nikaisukuma nyuma ya plagi. Haikuingia. Hizi ncha za bei rahisi ni nene kuliko nafasi iliyopo, na huo ndio udhaifu namba moja wa kifaa hiki. Nikaazima pini kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, nikaichomeka pembeni ya waya wa zambarau, nikagusa kichwa cha pini kwa ncha nyekundu. 5.08. Mdogo wangu akasema inayokubalika ni kuanzia 4.75 hadi 5.25, kwa hiyo tuko salama.

Tukahamia waya wa kijani. Huu ndio wa amri: kompyuta ikiwa imelala unasoma volti kadhaa, ukibonyeza kitufe mazabodi inauvuta hadi karibu na sifuri, na pawasaplai ikiona sifuri inaamka. Mimi nilisoma 4.9. "Bonyeza kitufe usiachie, angalia namba." Nikabonyeza. 4.9. Nikabonyeza kwa nguvu hadi kesi ikasogea. 4.9 ile ile, kana kwamba hakuna aliyegusa kitu.

Nikadhani basi, fundi alikuwa sahihi. Mdogo wangu akasema bado, maana huenda mazabodi haijapewa habari kabisa. Kwenye kona ya chini ya mazabodi kuna vipini vidogo vya chuma ambako waya za kitufe cha mbele zinaishia, kishikizo chake kimeandikwa POWER SW. Nikakichomoa, nikabaki na vipini viwili vitupu, nikavigusanisha kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu.

Feni zikanguruma. Vumbi la miaka minne likanirukia usoni. Nikapiga kelele hadi fundi cherehani akaja mbio akidhani nimepigwa shoti.

Kilichokufa ni kitufe. Nilipong'oa uso wa mbele wa kesi nikakuta kimezungukwa na utando wa kahawia unaonata, na hapo nikakumbuka ile chai ya maziwa ya mteja mwezi uliopita, ambayo niliifuta juu juu nikaona yamekwisha. Laki na sitini kwa ajili ya chai.

Kitufe kipya sijanunua mpaka leo. Kesi ina kitufe kingine kidogo cha kuanzisha upya, ambacho sijawahi kukitumia, nacho waya wake una kishikizo cha aina ile ile, RESET SW. Nikakichomeka pale pa POWER SW, na hata ukigeuza upande haina shida, kitufe hakina chanya wala hasi. Gharama sifuri.

Sasa kuhusu kifaa chenyewe, wiki ya sita leo. Kwa volti ndogo za ndani ya kompyuta kinatosha kabisa. Siku nyingine nilipima waya wa njano kompyuta ikiwa imewaka, nikapata 12.1, na wa chungwa 3.32, ndivyo inavyotakiwa. Hakijizimi chenyewe: nilikisahau usiku mmoja, betri ikaisha, nikatoa elfu tatu nyingine. Waya zake ni nyembamba, moja imeanza kulegea shingoni. Changu hakina mlio wa kujaribu kama waya umekatika, kwa hiyo inabidi usome namba.

Soketi ya ukutani nimeipima mara mbili, kirungu kikiwa 750 upande wa ACV (umeme wa AC, ule wa ukutani): saa tano asubuhi 226, saa mbili usiku wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, 189. Lakini kwenye soketi naomba muwe waangalifu mno. Waya nyekundu ikiwa kwenye tundu la 10A ukachomeka ukutani, umeunganisha umeme moja kwa moja, na tundu hilo halina fyuzi. Na pawasaplai yenyewe msiifungue, hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazohifadhi zaidi ya volti 300, na hazijali kwamba umechomoa waya dakika tano zilizopita.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye zile ncha, na pini ya fundi cherehani sijarudisha, nimeifunga kwa selotepu kwenye ncha nyekundu.

Pembeni ya kile kitufe kidogo nimebandika karatasi: WASHA HAPA. Dada anayenisaidia dukani bado kila asubuhi anabonyeza kile kikubwa kwanza, anasubiri, halafu ananiita.