Kijitabu cha mazoezi cha shilingi 8,000: kwenye makosa ya leja kinalipa, kwenye benki kaa chonjo

Msimu wa mitihani ukikaribia, steshenari za Dar es Salaam zilizo jirani na vyuo vya biashara huanza kuning'iniza vijitabu vya mazoezi mlangoni. Hiki tunachokizungumzia kimebanwa kwa ringi ya plastiki, karatasi za A4, kurasa 64, bei shilingi 8,000, na ukiomba kistaarabu unapunguziwa hadi 7,000. Hakina jina la mwandishi wala mwaka. Ndani mna mada mbili tu: kusahihisha makosa ya uwekaji hesabu, maswali 22, na usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, maswali 16. Maswali yako kwa Kiingereza, kama yatakavyokuja kwenye chumba cha mtihani, iwe kidato cha nne cha NECTA au ngazi za mwanzo za NBAA, bodi ya wahasibu, ila maelezo ya majibu yako kwa Kiswahili. Mpangilio huo peke yake una thamani. Wengi wanaofeli mada hizi wanajua hesabu. Wanachoshindwa ni kuitambua sentensi inayosema jumla imepungua au hundi imerudi.

Tuanze na kinachostahili sifa. Makosa sita yasiyovuruga urari wa majaribio, ile orodha ya masalio ya akaunti ambayo pande zake mbili, debiti ya kushoto na krediti ya kulia, hutakiwa kulingana (kusahau muamala mzima, kuandika kwenye akaunti ya mtu mwingine, kuchanganya mali na matumizi, kukosea kiasi tangu mwanzo, kugeuza pande, na makosa mawili yanayofidiana) yametenganishwa, kila moja na maswali yake, kabla ya kuja kuchanganywa. La kugeuza pande limeelezwa vizuri kuliko yote. Kodi ya pango shilingi 200,000 imelipwa kwa hundi, karani akadebiti benki na kukrediti kodi. Mwanafunzi wa haraka husahihisha kwa 200,000 na kuacha akaunti zote mbili hazina kitu, kana kwamba kodi haikulipwa kamwe. Kijitabu kinadebiti kodi 400,000 na kukrediti benki 400,000, kisha chini yake kinavunja: 200,000 za kufuta lililoandikwa vibaya, 200,000 za kuandika upya. Mistari miwili, mtu ameelewa.

Kila sahihisho limeandikwa kwenye shajara, daftari la maingizo kabla ya kwenda kwenye akaunti, pamoja na maelezo yake mafupi chini ya ingizo. Usiyaruke. Swali likisema maelezo yanatakiwa, yana alama zake, na hizo ni alama za bure.

Swali la 14 ndilo lililobeba nusu hii ya kwanza. Urari wa duka la jumla umezidi upande wa debiti kwa 540,000, kwa hiyo akaunti ya saspensi, ya kushikilia tofauti hiyo hadi makosa yapatikane, inafunguliwa kwa krediti ya 540,000. Makosa yako matano. Daftari la mauzo limejumlishwa pungufu kwa 300,000. Punguzo lililopokelewa kutoka kwa mgavi, 60,000, limepelekwa debiti ya punguzo lililotolewa. Mgavi mwingine kalipwa 450,000 lakini kwenye akaunti yake imeandikwa 540,000. Fedha za mdaiwa, 30,000, zimeingia daftari la fedha na kuishia hapo, hazikufika kwenye akaunti yake. Halafu kuna friza ya kutumia dukani, 850,000, iliyowekwa kwenye manunuzi.

Friza haigusi saspensi. Imedebitiwa mahali pasipo pake, lakini imedebitiwa, na urari hauna habari. Manne yaliyobaki yanadebiti saspensi kwa 300,000, 120,000, 90,000 na 30,000. Jumla 540,000, akaunti inafungwa. Pa kuangalia ni kwenye hiyo 120,000. Punguzo ni la 60,000, lakini limekaa upande usio wake, kwa hiyo kuna kazi mbili: kukrediti punguzo lililotolewa ili kulisafisha, na kukrediti punguzo lililopokelewa ambalo halijawahi kuandikwa. Ukifanya moja ukasahau nyingine, saspensi inabaki na 60,000 inayoning'inia, na dakika 10 zinapotea ukitafuta kosa lililo mbele ya macho yako.

Pia swali hili linaumbua ule ujanja maarufu wa kugawa kwa 9. Ni kweli kwamba tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi huacha tofauti inayogawanyika kwa 9, na kiasi kilichowekwa upande usio wake huacha tofauti ambayo nusu yake ndiyo kiasi chenyewe. Sasa gawa 540,000 kwa 9: inatoka 60,000 kamili. Anayeamini kipimo hicho kama dawa ya mganga ataondoka kusaka tarakimu zilizogeuzwa za 540,000 nzima, wakati zilizogeuka zimechangia 90,000 tu. Kipimo kinafaa pale kosa likiwa moja. Yakiwa manne kinakupoteza, na kijitabu kingepaswa kulisema hilo badala ya kukisifia ukurasa wa 9 na kukiacha hivyo.

Dosari ya wazi iko sehemu ya mwisho ya swali hilohilo. Unapewa faida ya awali, 6,200,000, utafute faida iliyosahihishwa. Kijitabu kinaongeza mauzo 300,000, punguzo mara mbili 60,000 na 60,000, na friza 850,000 iliyotolewa kwenye manunuzi, kinafika 7,470,000. Kimewaacha mdaiwa na mgavi nje ya hesabu ya faida, na hapo kiko sahihi, kwa kuwa akaunti zao ni za mizania, ile taarifa ya mali na madeni. Lakini swali lenyewe, mstari wa pili kutoka chini, linasema samani na vifaa vinatozwa uchakavu wa asilimia 10 kwa mwaka mzima. Friza ikishakuwa kifaa nayo inachakaa: 85,000. Jibu ni 7,385,000. Watahini hupenda sana kuficha kitu mstari wa pili kutoka chini.

Mengine ya nusu ya kwanza ni madogo. Akaunti moja imepewa majina matatu, ukurasa huu saspensi, ule akaunti ya muda, kule akaunti ya mashaka, na anayeanza anaweza kudhani ni vitu tofauti. Akaunti za udhibiti, zinazobeba jumla ya wadaiwa wote au wagavi wote, hazikuguswa kabisa. Ni pengo, hasa kwa anayekwenda juu zaidi, kwa sababu akaunti ya udhibiti ikiwa ndiyo iliyo ndani ya mfumo wa pande mbili, kosa la kwenye akaunti binafsi ya mdaiwa halifiki kwenye urari, na saspensi haihusiki.

Tukija kwenye benki, mambo yanabadilika. Kama mfano wa mpangilio, swali la 29 ni zuri. Daftari la fedha lina salio la debiti 2,415,000, taarifa ya benki inasema 3,182,000. Mteja ameingiza 640,000 moja kwa moja benki, hiyo inaongezwa. Yanatolewa makato ya benki 18,500, agizo la kudumu la bima 120,000, hundi ya mteja iliyorudi 275,000, na 18,000 kwa sababu hundi ya 386,000 ilirekodiwa kwenye malipo kama 368,000. Daftari jipya linasimama kwenye 2,623,500. Kisha taarifa ya usuluhishi: 3,182,000, ongeza amana ambazo benki haijaziingiza 415,000, toa hundi ambazo hazijawasilishwa 973,500, unarudi 2,623,500. Kijitabu kinasisitiza kwamba marekebisho ya daftari la fedha ndiyo yanayopelekwa leja, na taarifa ya usuluhishi ni karatasi ya uthibitisho tu, haina debiti wala krediti. Safi.

Shida ni kwamba maswali 13 kati ya 16 yanakukabidhi tofauti zikiwa zimeshachambuliwa namna hiyo. Kazi inayobaki ni kupanga. Kwenye mtihani unaweza kukabidhiwa daftari la fedha upande huu na taarifa ya benki upande ule, uzitafute tofauti mwenyewe, na mkono usiozoea kuweka alama ya vema hutetemeka. Njia ni kushika penseli, uanze na usuluhishi wa mwezi uliopita: hundi zilizokuwa hazijawasilishwa na amana zilizokuwa njiani zitafutwe kwenye taarifa ya benki ya mwezi huu na kuwekewa vema kwanza. Ndipo debiti za daftari zilinganishwe na krediti za benki, na krediti za daftari na debiti za benki, kwa kuwa benki inaandika kwa upande wake: fedha yako kwake ni deni. Kinachobaki bila vema kwenye taarifa ya benki kinaingia daftari la fedha, isipokuwa kosa la benki yenyewe. Kinachobaki bila vema kwenye daftari kinaingia taarifa ya usuluhishi, isipokuwa kosa la karani wako. Hatua ile ya mwezi uliopita haimo kabisa kwenye kijitabu. Asiyeijua huikuta hundi ya zamani kwenye taarifa ya benki, akaiona haipo kwenye daftari la mwezi huu, akaiandika mara ya pili.

Swali la 33 lina jibu potofu, si la kubishania. Taarifa ya benki inaonyesha ovadrafti ya 960,000, yaani umetoa zaidi ya ulichonacho na benki inakudai, hundi ambazo hazijawasilishwa ni 310,000, amana zilizo njiani 450,000. Kijitabu kimetoa hundi na kuongeza amana kama kawaida, kikapata ovadrafti ya 1,100,000. Fikiria kidogo: hundi hizo zikifika benki deni linakua, na amana zikiingia deni linapungua. Jibu ni ovadrafti ya 820,000. Kujikinga ni rahisi. Andika ovadrafti kama namba hasi tangu mstari wa kwanza, kisha kanuni ibaki ileile ya siku zote: hasi 960,000, ongeza 450,000, toa 310,000, unapata hasi 820,000. Hakuna haja ya kukariri kanuni ya pili.

Kingine, kijitabu kinaishi kwenye dunia ya hundi tupu. Kwa mtihani si kosa, kwa kuwa maswali bado yanazipenda. Ila anayesoma huku anashika daftari la duka Kariakoo anajua fedha nyingi siku hizi huingia kwa lipa namba, kisha huhamishiwa benki kwa mkupuo. Daftari lina mauzo 30, taarifa ya benki ina mstari mmoja. Swali moja tu la namna hiyo lingefundisha zaidi ya maswali matano ya hundi yanayofanana. Kwa kuwa halimo, chukua taarifa ya benki ya mwezi mmoja ya biashara unayoifahamu, kwa ruhusa ya mwenyewe, uifanyie usuluhishi mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu muda, kijitabu hakisemi lolote. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa alama, kwa hiyo swali la alama 20 ni dakika 36. Swali la 14 lifanye kwa muda huo. Likikushinda, tatizo kwa kawaida ni kuchora akaunti nyingi zisizoulizwa. Kikatae pia kishawishi cha kujibia kwenye nafasi zilizoachwa kitabuni, ni finyu mno kwa akaunti yenye pande mbili. Tumia kaunta buku, mistari yake inatosha.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa 51. Nakala nyingi ni kopi ya kopi, na mashine imekata ukingo wa kulia palepale kwenye safu ya fedha: 453,500 inasomeka 453,5. Mwambie muuzaji akupe nyingine, au nenda steshenari inayochapa kutoka kwenye kompyuta, huko ukingo uko salama. Kurasa za 52 hadi 64 ndizo zenye majibu ya benki. Zibane kwa klipu hadi umalize swali, na pale kwenye la 33 futa 1,100,000 uandike 820,000 kwa wino, kabla mwenzako hajakiazima.