Asamkirche, Munich: kanisa jembamba, dhahabu mpaka darini

Mimi hupiga picha za harusi hapa Kisumu, na nimezoea makanisa ambamo mtu anaweza kurudi nyuma hatua kumi, maharusi wakaenea kwenye fremu. Ndani ya Asamkirche, kanisa la Munich, Ujerumani, huna pa kurudi nyuma. Upana ni mita 8 hivi, urefu 22, limebanwa kati ya nyumba za Sendlinger Straße. Dada yangu, muuguzi huko, alikuwa akilipita kila siku bila kujua ndani kuna nini.

Walilijenga ndugu wawili, Cosmas Damian Asam mchoraji na Egid Quirin Asam mchongaji, kuanzia 1733 hadi 1746. Lilikuwa lao wenyewe, ubavuni mwa nyumba ya Egid, kwa hiyo hapakuwa na tajiri wa kuwaambia wapunguze. Nguzo za altare zimesokotwa kama kamba. Malaika wamejaa. Karibu na mlango kuna mifupa ya rangi ya dhahabu, Mauti mwenyewe, na mkasi wake anakata uzi wa uhai. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko altareni.

Sasa picha. Chini ni giza, na juu mwanga unaingia kwa madirisha ambayo ukisimama chini huyaoni. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 6400 ili kila kona ionekane, na kanisa likawa bapa kama kadi ya mwaliko. Nikafuta zote. Giza lile limekusudiwa: chini ni dunia na mateso yake, juu ni kwa Mungu. Nikapima mwanga wa darini, nikaacha chini kuwe kweusi, kiwiko nimekiegemeza kwenye benchi. Hapo ndipo picha zilikuja. Lenzi yangu ya milimita 35 ilibana mno; beba ya 16, inayochukua eneo pana zaidi. Flashi iache kwenye begi, watu wanasali.

Dari imechorwa maisha ya Mtakatifu Yohane Nepomuk, padre aliyetoswa mtoni Prague mwaka 1393, na ambaye Wakatoliki humwomba wakati wa mafuriko. Mama yuko Ahero, na Mto Nyando ukivunja kingo anaujua. Nilipomwonyesha picha 60 kwenye simu alitaka hiyo ya dari tu. Nimemchapishia kubwa.

Kiingilio hakuna. Nenda mchana, jua likiwa limetoka. Siku ya pili nilikuta mawingu na dhahabu yote ilikuwa imelala.