Uzoefu wangu: besi ya Squier Affinity Jazz Bass na amplifaya ya Fender Rumble 40 kwa mpenzi wa dansi

Kwenye bendi ya dansi, besi ndiyo inayoamua mguu ukanyage wapi. Waimbaji wanasifiwa, gita la solo linasifiwa, na sifa hizo ni za haki. Lakini simama karibu na spika bendi inapoingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, kisha tazama miguu ya wachezaji: inafuata besi na tumba. Mimi nimelelewa na muziki wa bendi za Msondo na Sikinde, na hadi leo nikiwasikiliza sikio langu linakwenda chini kwanza. Kupiga muziki si kazi yangu. Napiga jioni nikitoka kibaruani, na Jumamosi na wenzangu wa mtaani tunaopenda nyimbo za zamani. Kwa hiyo haya ni maelezo ya mpenzi kwa wapenzi wenzake, hasa wale ambao mfuko hauruhusu gita la kitaalamu kutoka Marekani lakini hawataki sauti ya kubahatisha.

Squier ni chapa ya bei nafuu ya kampuni ya Fender, na umbo la besi hii ni lile lile ambalo Fender walilitoa mwaka 1960. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa ameshatoa Precision Bass, ambayo ndiyo iliyowaondolea wapigaji mzigo wa kubeba besi kubwa ya mbao ya kusimamisha. Jazz Bass ikaja na mambo mawili mapya: shingo nyembamba upande wa kichwani, milimita 38 hivi, na pikapu mbili badala ya moja, yaani zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa mtikisiko wake. Mwenye vidole vifupi kama vyangu anaijua thamani ya milimita hizo. Urefu wa waya kutoka kichwani hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gita, ni inchi 34, sawa na Precision, na mwanzoni freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) za karibu na kichwa zinautanua mkono hadi unauma. Shingo nyembamba haikupunguzii umbali huo, ila inaurahisishia mkono kuzunguka na kuhama.

Nobu, yaani vifundo vya kuzungusha, zipo tatu tu: sauti ya pikapu ya mbele, sauti ya pikapu ya nyuma, na ya kupunguza ukali. Usiziangalie ukadhani ni chache. Pikapu ya mbele ikiwa peke yake inatoa sauti nono, ya mviringo, inayofaa rumba ya taratibu. Ya nyuma peke yake inatoa sauti kavu yenye pua kidogo, ile ambayo mpiga besi Jaco Pastorius aliifanya iwe sahihi yake kwenye Jazz Bass isiyo na freti. Zote mbili zikifunguliwa hadi mwisho, sauti ya kati inapungua kidogo na besi inakuwa safi, na pia mngurumo unaotokana na umeme wa nyumba unapotea kwa sababu pikapu hizo mbili zinafutana kelele. Ukifungua moja tu, mngurumo unarudi, hasa ukikaa karibu na taa za tyubu au kompyuta. Ndivyo Jazz Bass yoyote yenye pikapu za aina hii ilivyo, ya bei ndogo au kubwa. Geuka upande mwingine kidogo, mngurumo unapungua.

Kwa dansi nafungua pikapu ya mbele yote, ya nyuma naipa nusu, na ukali naupunguza karibu wote. Kisha nahama. Noti ya C unaipata kwenye freti ya 3 ya waya wa A, na ndipo anayejifunza anapofundishwa kuanzia. Ipige sasa kwenye freti ya 8 ya waya wa E. Ni noti ile ile, lakini huku juu waya ni mnene na kipande kinachotikisika ni kifupi, sauti inatoka imejaa na inakufa mapema. Kufa mapema ndiko ninakokutaka, maana tumba inahitaji nafasi ya kuongea. Na ukiwa hapo freti ya 8, F iko kwenye freti hiyo hiyo ya waya wa A, na G iko freti ya 10, kwa hiyo nyimbo zetu nyingi za kodi tatu (makundi matatu ya noti zinazopigwa pamoja, hapa C, F na G) unazimaliza bila mkono kusafiri. Shingo ya Affinity inaliruhusu jambo hili vizuri. Freti ziko 20, na huko juu mkono haukwami.

Sasa nyuzi. Besi ilitoka dukani na nyuzi za mviringo, zile zilizozungushiwa waya wa duara, zilizokaa muda mrefu kwenye unyevu, nyeusi na zenye kutu ukizipitishia kidole. Muuzaji aliniambia ndivyo zinavyokuwa. Sivyo. Nyuzi mpya za mviringo zina mng'aro, zinalia kama kinanda, na kwa muziki wa injili wa kisasa au bongofleva ya jukwaani zinafaa kabisa. Mimi niliagiza nyuzi bapa, zile ambazo waya wa nje ni bapa, ukipitisha kidole hausikii mikwaruzo. Ndizo alizotumia mpiga besi James Jamerson kwenye kampuni ya rekodi ya Motown, Detroit, kwenye Precision yake, na inafahamika kwamba hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi wala wa kutumia vidole vingi: kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilitosha. Nyuzi bapa ni ghali kuliko za kawaida, ila zinadumu miaka, kwa hiyo hesabu inakaa sawa.

Kwa asiye na uwezo wa nyuzi bapa sasa hivi, kuna njia ya bure. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, kata kipande cha upana wa nyuzi nne, kisukumie chini ya nyuzi pale karibu na daraja hadi kiziguse zote kwa chini. Sauti inafungwa papo hapo, inakuwa fupi na nene kama ya rekodi za miaka ya sabini. Usiibane sana, noti za juu zitakufa kabisa. Mimi hata na nyuzi bapa naiweka nikipiga rumba, naitoa nikipiga benga.

Jambo la unyevu nalisisitiza kwa sisi wa pwani. Shingo ya besi hii ni mbao ya mepo na ndani yake kuna fimbo ya chuma inayopingana na mvuto wa nyuzi. Masika ikianza mbao inavimba, nyuzi zinapanda au kushuka, unaanza kusikia waya ukigonga freti. Nyuzi bapa nazo zinavuta kwa nguvu zaidi kuliko za mviringo. Dawa ni alenki, ule ufunguo wa pembe sita wa kuzungushia fimbo hiyo: robo mzunguko, subiri hadi kesho yake, tazama tena. Kaza kama shingo imepinda mbele na nyuzi zimekuwa mbali, legeza kama nyuzi zimelala mno kwenye freti. Usizungushe kwa hasira, na usikubali fundi anayezungusha mzunguko mzima mara moja. Na gita lisiegemezwe ukutani penye jua. Likae kwenye begi lake, zipu imefungwa.

Amplifaya. Rumble 40 ina wati 40 na spika moja ya inchi 10, na uzito wake ni kama kilo 8. Uzito huo nauweka mbele makusudi, kwa sababu sisi tunaopanda daladala au bodaboda na vyombo tunajua maana yake: besi mgongoni, amplifaya mkononi, na umefika mazoezini bila kumlipa mtu wa mkokoteni. Ilinigharimu karibu sawa na besi yenyewe. Kuna wanaoona ni uharibifu kununua amplifaya kwa bei ya gita. Mimi naona ndiyo nusu ya chombo. Gita la solo likichomekwa kwenye redio ya kawaida litasikika tu. Besi ukiichomeka humo, unaiua spika ya watu na bado hujasikia kitu.

Sababu iko kwenye masafa. Waya wa E ukipigwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuusukuma hewani mtikisiko wa chini hivyo kwa nguvu. Hata hii ya inchi 10 inauonjesha tu. Ila sikio halitegemei huo peke yake. Linaitambua noti pia kwa mitikisiko inayopanda juu yake, ya 82, ya 124, na kuendelea. Ndiyo maana hata kwenye simu unaweza kuufuata mstari wa besi wa Mpudi Decca wa TPOK Jazz, bendi ya Franco, ijapokuwa kispika cha simu hakina chini kabisa. Anayelielewa hili anaacha kuipandisha nobu ya besi hadi mwisho.

Rumble 40 ina nobu nne za kurekebisha sauti: besi, kati ya chini, kati ya juu, na ukali. Hizo mbili za kati ndizo sababu ya mimi kuichagua badala ya Rumble 25, iliyo ndogo, ya spika ya inchi 8. Naweka besi katikati, kati ya chini naipandisha kupita katikati, hadi kama pale mshale wa saa unapokaa saa nane mchana, kati ya juu naiacha, ukali naushusha. Ukipiga hivyo peke yako chumbani utaona sauti haivutii, ina kifua lakini haina uzuri. Subiri solo, rithim na drams ziingie, hapo utaisikia besi imesimama mahali pake, kila noti inahesabika. Kuna vibonyezo vitatu vya kubadili tabia ya sauti, na kimoja, kilichoandikwa Contour, kinakata masafa ya kati. Chumbani kinapendeza sana. Kwenye bendi kinakumeza, kwa sababu kimeondoa kile ambacho masikio ya watu yanashikilia. Kiache kwa mazoezi ya kupiga nyuzi kwa kidole gumba.

Na kidole gumba kwenye amplifaya hii kinatoka vizuri. Mtindo huo aliyeueneza ni mpiga besi Larry Graham, aliyekuwa akipiga na mama yake bila mpiga drams, ikabidi gumba lishike nafasi ya dramu kubwa na kunyofoa waya kushike nafasi ya ile ndogo. Vijana wengi wa kanisani wanaanzia hapo. Ningewaomba wajifunze pia benga, muziki wa Wajaluo wenye asili yake kwenye nyatiti, chombo chao cha jadi cha nyuzi, ambao mwanamuziki D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati kule Mara, aliufikisha mbali. Besi ya benga haitulii. Inakimbia na kujibizana na solo, na vidole viwili vya mkono wa kulia visipopokezana sawasawa, mwendo unakatika. Kwa zoezi la mikono sijapata muziki unaofundisha haraka zaidi.

Wati 40 zinatosha wapi? Nyumbani zinazidi, kuna tundu la hedifoni na ukichomeka, majirani wanalala. Mazoezini na drams zinatosha kama mpiga drams ana heshima na amplifaya imeinuliwa juu ya kiti. Ikikaa sakafuni pembeni mwa ukuta, ngurumo inazidi na noti hazieleweki. Ikifika usawa wa kiuno unajisikia vizuri bila kuongeza sauti. Ukumbini au kwenye sherehe ya nje hazitoshi, na si haki kuzidai zitoshe. Nyuma kuna tundu la kutolea sauti kwa waya wa kawaida wa maiki. Mpe fundi mitambo waya huo aupeleke kwenye mikisa, mtambo wake wa kuchanganyia sauti, spika kubwa zibebe ukumbi, na Rumble ibaki nyuma yako ya kujisikilizia. Kukitokea mngurumo wa umeme, pembeni ya tundu hilo kuna kibonyezo cha kukata ethi ya waya huo. Mafundi mitambo wengine wanapendelea kuchomeka besi moja kwa moja kwenye kisanduku chao. Zungumza nao kabla watu hawajajaa, kwa upole, maana sauti yako iko mikononi mwao.

Onyo moja kwa wanaoletewa vyombo na ndugu walioko Marekani. Besi haina shida, ije tu. Amplifaya ya kule imetengenezewa umeme wa volti 120, na yetu ni 230. Soma maandishi ya nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, kabla hujachomeka, au mwambie ndugu yako akuletee besi peke yake na amplifaya uinunue huku au Ulaya. Na kwa kuwa umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, mimi nachomoa kila unapokatika na nasubiri utulie.

Anayeanza, au aliyeanza zamani na amerudi, nampendekezea vyote viwili bila kusita. Anayepiga kila wiki kumbini bila mitambo ya kukodi atafute Rumble 100 kwenda juu, besi abaki na hii hii. Na kama fedha inatosha kwa kimoja tu kwa sasa, nunua besi na kebo nzuri, weka sponji, omba kuchomeka kwenye amplifaya ya kwaya au ya rafiki, halafu endelea kuweka akiba.