Kireno nimelipia miezi minane, Kimakua nimekipata kwa sukari

Majina ya programu na ya jukwaa la walimu siyataji. Sina biashara ya kutangaza wala sitaki kugombana na mtu. Naeleza nilichotumia, fedha zilivyokwenda na kilichonifaa, kwa sababu najua hapa Kusini siko peke yangu niliyependa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Mchumba wangu ni mtu wa Nampula, Msumbiji. Tulijuana mwaka 2023 alipokuja kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele na wenzake kwa mafunzo ya korosho. Mimi ni karani wa ghala hapa Mtwara, na siku ya kwanza tulisimama pamoja tukibishania unyevu wa gunia moja. Tuliongea lugha ya kuokoteza: Kiswahili chake cha safarini, Kiingereza changu cha sekondari ya kata, na mikono kwa yaliyobaki. Tulielewana vizuri tu. Alipoondoka tukabaki na simu, na mikono kwenye simu haina kazi.

Kwenda kwao nako si sawa na kupanda basi la Lindi. Njia ya pwani inapita Palma na Mocímboa da Praia, na tangu vurugu za mkoa ule wa Cabo Delgado zianze mwaka 2017 baba yangu hataki hata kusikia habari ya njia hiyo. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo, lilifunguliwa 2010, lakini mtu wa Mtwara mjini lazima kwanza azunguke mpaka Nanyumbu, na akishavuka ndipo safari inaanza. Tumeonana mara mbili. Nikaona bora nijifunze lugha yake, na lugha ya Msumbiji kila mtu anajua ni Kireno. Hapo ndipo nilipokosea, ila sikujua.

Nilianza na programu ya simu, ya bure. Kiswahili hakimo katika lugha za kufundishia, kwa hiyo nilijifunza Kireno kwa Kiingereza, yaani kumuuliza njia mgeni mwenzako. Nilivumilia siku 94 mfululizo. Shida ni kwamba Kireno chake ni cha Brazili. Nilifundishwa basi ni "ônibus", treni ni "trem", chai ya asubuhi ni "café da manhã". Nikamtumia mwenzangu ujumbe wa sauti, akacheka mpaka akakohoa. Akasema naongea kama mwanamke wa kwenye tamthilia. Kwao basi ni "machimbombo", treni ni "comboio", na chai ya asubuhi ni "mata-bicho", maana yake kuua mdudu. Nadhani ni yule mdudu wa njaa anayekutekenya tumbo alfajiri. Shamba wanaita "machamba", na hilo sikuhitaji kufundishwa.

Sisemi programu ni mbovu. Kuhesabu, siku za wiki, kuagiza chakula, nimevipata humo. Lakini ilinifundisha "você", yaani wewe, kwa kila mtu, na hiyo "você" ilikuja kuniponza.

Siku moja alimpa mama yake simu. Nilikuwa nimejiandaa, sentensi zangu nimeziandika kwenye karatasi. Nikamuuliza: "Você dormiu bem?" Umelala vizuri? Kimya. Halafu nikasikia anaongea na mwanawe kwa lugha nyingine kabisa, sauti ya chini, na simu ikarudi kwa mchumba wangu. Hakunieleza chochote. Mtoto wa watu ana adabu, alibadilisha tu mazungumzo.

Aliyenieleza ni mwalimu. Maana baada ya aibu ile niliingia kwenye jukwaa la walimu wa video, nikachagua mama mmoja wa Maputo, shilingi 15,000 kwa saa, mara moja kwa wiki. Nilipomsimulia alishika kichwa. Akasema mkwe humwiti "você", ni kama kumwambia mama mzima "wewe" bila hata shikamoo. Unasema "A mamã dormiu bem?", Mama amelala vizuri?, unamtaja kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine. Hilo somo moja lilinirudishia fedha zote.

Mwalimu yule nampa sifa zake. Ananifundisha kwa kunionyesha nilichonacho tayari: meza ni "mesa", bendera ni "bandeira", foronya ni "fronha", parafujo ni "parafuso". Nilipolalamika kwamba kila kitu ni cha kike au cha kiume, akaniuliza Kiswahili kina ngeli ngapi. Nikanyamaza. Sauti za puani ndizo zilizonitesa. Mkate ni "pão", ukisahau pua unakuwa "pau", ambayo ni fimbo, na mtaani ina maana nyingine ambayo hapa siiandiki. Dawa yake ilikuwa niongee kama mtu mwenye mafua. Jirani yangu akaja kuniletea malimau.

Jukwaa lenyewe, sasa. Somo la kwanza liliandikwa saa 19:00. Nikageuza kama tulivyozoea: saa 1 usiku. Nikajipaka mafuta, nikawasha kamera, nikakaa natazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo saa nzima. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo 19:00 ya Maputo kwetu ni saa 2 usiku. Yalikuwa makosa yangu, sawa. Lakini Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, nchi nzima ikawa inavuta mtandao kama inavuta jahazi lililokwama, jukwaa lilihesabu kuwa sikuhudhuria, likakata fedha. Niliandika malalamiko mara tatu, nikajibiwa na mashine. Ukitumia huduma za aina hii soma kwanza kipengele cha kukosa somo, na usinunue masomo kumi kwa pamoja kwa sababu tu kuna punguzo. Na bando liweke kwenye hesabu, maana video ya saa moja inalila kama mchwa.

Miezi minane ikapita hivyo. Kireno changu kikawa cha kuombea maji. Lakini niligundua jambo: mchumba wangu akikasirika, akichoka, akiongea na mama yake au akiota ndoto usingizini na simu ipo hewani, si Kireno. Nikamuuliza. Akasema Kireno alikikuta shuleni. Lugha ya kwao ni Emakhuwa, yaani Kimakua. Msumbiji nzima hakuna lugha ya mama yenye watu wengi kuliko hiyo, na mimi nilikuwa nalipia ile ya ofisini.

Mara nyingi alikuwa ananimalizia ujumbe kwa neno "koxukhuru". Nilidhani ni Kireno kigumu, nikawa nalisoma "ko-ksu-khuru". Jumapili moja nilikuwa uani kwa bibi wa jirani, Mmakua wa Masasi aliyehamia kwa binti yake. Nikamtamkia. Akaacha kupepeta.

"Unasemaje, mjukuu wangu?"

Nikamwandikia chini mchangani, kijana wa binti yake akamsomea. Kumbe X yao ni "sh". Bibi akapiga kofi: "Si shukuru hiyo! Anakwambia ahsante."

Mtu ananishukuru karibu mwaka mzima, na mimi najibu kwa kikaragosi cha uso unaotabasamu.

Tangu siku ile nina mwalimu wa pili. Ada yake ni nusu kilo ya sukari kwa wiki, na ugoro mwisho wa mwezi. Hana ratiba wala mtihani, na akiwa na wageni darasa linageuka kuchambua dagaa. Kasoro zipo. Cha kwao Masasi na cha Nampula vinapishana: bibi anasema "Imakhuwa", mkwe wangu "Emakhuwa", na mwanzo ule wa i na e unaendelea kwenye maneno mengi. Kuna p ya kawaida na p ya kutoa pumzi, na bibi hawezi kunieleza tofauti, anairudia tu kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mimi ni kiziwi. Sauti za b na d kwake hazina nafasi, mpaka baiskeli anaiita "paisikeli". Kuandika hajui, kwa hiyo narekodi kwenye simu, usiku namtumia mchumba anisahihishe kwa namna ya kwao. Hayo ndiyo mazungumzo yetu matamu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Ukinitaka nyota: programu ya bure 2 kati ya 5, mwalimu wa Maputo 4, jukwaa lake 2. Somo la video nimelipunguza, sasa ni mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya Kireno cha makaratasi, maana vyeti na uhamiaji huko ni Kireno. Bibi sijui nimpe ngapi, na ameshaanza kudai ada ipande iwe kilo nzima.

Mwezi uliopita nilimpigia mkwe mwenyewe. Nilisalimia kwa Kimakua cha Masasi, na cha kwanza nilichosikia ni kicheko. Akaniuliza nani amenifundisha kuongea kama wazee wa zamani. Tukaongea dakika sita, nikaelewa labda nusu.

Posa inakuja baada ya msimu, wakijaliwa kufika. Bibi ameshasema ataketi mbele pamoja na wajomba zangu, maana anataka kusikia mwenyewe kama vijana wa Nampula wanakijua Kimakua.